Mtembea bure si sawa na mkaa bure: wazee wetu na soko la mji



Kuna maneno tunayoyasikia sana katika darasa la watu wazima hapa Nakivale: "Nimechoka na dunia." Anayeyasema ni baba au mama mwenye miaka 60, 70 au zaidi. Wengine wanayasema wakicheka, wengine hawacheki. Muhula uliopita wazee watatu waliacha kuja darasani kwa sababu hiyo. Tulipokwenda kuwauliza nyumbani, watoto wao walitujibu karibu jibu moja: "Mwalimu, mwacheni mzee apumzike, ni umri tu."

Sisi walimu wa kujitolea hatukubali kwamba ni umri tu. Tena hata sisi wenye miaka ishirini na kitu tunayasema maneno hayo hayo tukikosa kazi miezi mingi, na hakuna anayetuambia kwamba ni umri. Ndiyo sababu mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya uchovu wa wazee wetu. Na tutapitia njia ambayo labda hamkuitegemea: tutawapeleka sokoni.

UCHOVU WA NAMNA TATU

Tuliwauliza wazee wenyewe: mkisema mmechoka na dunia, mmechoka na nini hasa? Majibu yalikuwa mengi, lakini yote yaliingia katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mwili. Magoti yanauma, macho hayaoni vizuri jioni, usingizi unakatika saa nane ya usiku na haurudi. Hilo kila mtu analielewa.

Fungu la pili ni kukimbia. Hebu tufanye hesabu, kama tunavyofanya darasani. Mzee wa Kongo aliyezaliwa 1950 alikuwa na miaka 14 wakati wa vita vya Simba, 1964. Vita vya 1996 vilimkuta na miaka 46, vya 1998 na miaka 48. M23 walipoingia Goma mwezi wa Novemba 2012 alikuwa na miaka 62. Walipoingia Goma tena Januari 2025, na Bukavu Februari 2025, alikuwa anakwenda miaka 75, na safari hiyo alisikiliza habari kwa redio na simu akiwa huku kambini. Mzee wa Burundi naye ana miaka yake ya kuhesabu: 1972, 1993, 2015. Wa Rwanda ana 1959 na 1994. Mtu kama huyo akisema amechoka, hatuna haki ya kumwambia avumilie. Amevumilia kuliko sisi.

Fungu la tatu ndilo lilitushangaza, kwa sababu lilitajwa na karibu kila mmoja. Mama mmoja alilisema hivi: "Hakuna mtu ananiuliza kitu." Zamani aliulizwa shamba lilimwe lini, binti aolewe na nani, mbuzi auzwe kwa bei gani. Sasa simu iko mkononi mwa mjukuu, barua za ofisi zinasomwa na mjukuu, pesa zinahesabiwa na mjukuu. Yeye anatolewa nje asubuhi, anawekwa kivulini, anaitwa kula, anarudishwa ndani. "Ninahamishwa kama gunia," alisema.

Mwili hatuwezi kuurudisha ujanani, na vita hatuwezi kuvifuta. Lakini hilo la tatu liko mikononi mwetu, kila nyumba.

NJIA YA KAMPALA

Wazee wengi wa hapa wanatoka kambini kwa sababu moja tu: matibabu. Wachache wanakwenda kumwona mtoto anayefanya kazi mjini. Kwa kuwa tunasoma Kiingereza na tumejifunza Kiganda kidogo, familia zinatuomba tuwasindikize. Hivyo ndivyo tulivyoanza kutembea masokoni na wazee: ukimaliza hospitali saa tano na mtakayelala kwake anatoka kazini saa kumi na mbili, hayo masaa yote mtakaa wapi?

Tukumbushe kwanza kwamba safari hiyo ni haki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea ndani ya nchi, na wa kufanya kazi. Cha muhimu ni kubeba kadi. Kuna wazee wanaoamini mpaka leo kwamba wakionekana Kampala watakamatwa, na hofu hiyo peke yake imewafunga nyumbani miaka.

Kutoka Mbarara mpaka Kampala ni kilomita kama 270. Mzee anayesema amechoka na dunia, mweke karibu na dirisha. Mkikaribia Lyantonde, upande wa mbuga ya Ziwa Mburo, mara nyingine punda milia wanaonekana wakila majani katikati ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Baba mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu Nakivale alitugonga bega: "Mwalimu, ile ni nyama ya pori inachungwa na watu?" Tangu hapo hakunyamaza. Lukaya gari linasimama, na vijana wanakimbilia madirishani na mishikaki, kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Kayabwe unavuka mstari wa ikweta. Tulimweleza baba yule kwamba hapo ndipo katikati ya dunia. Akaangalia nje, akasema: "Kumbe dunia ina katikati? Mimi nilifikiri ni pembeni peke yake."

NDANI YA OWINO

Soko tunalokwenda zaidi ni Owino, chini ya mji, karibu na uwanja wa mpira wa Nakivubo na paki za taxi. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa kwanza kuuawa kati ya mashahidi wa Uganda, tarehe 15 Novemba 1885. Lakini mwambie dereva wa boda "Owino", atakufikisha upesi zaidi.

Hapo utakuta kila kitu: nguo za mitumba, zile Waganda wanaita mivumba na Warundi caguwa, viatu, masufuria, maharage, unga, dawa za miti, samaki wakavu, mashine za kushonea zinalia mstari mzima. Njia ni nyembamba, mabati yako karibu na kichwa, na watu wenye mizigo hawasubiri. Mara ya kwanza unaona kama fujo. Ukitulia unaona mpangilio: wa viatu wako na wa viatu, wa mashuka na wa mashuka, na kila mmoja anajua mpaka wa jirani yake.

Soko hilo limeungua zaidi ya mara moja. Liliungua Februari 2009, likaungua 2011, likaungua tena 2013. Wafanyabiashara walipoteza mali yote, wakarudi, wakajenga. Tulipowaeleza wazee habari hiyo, baba mmoja Mrundi alitikisa kichwa. Yeye alikuwa na meza katika soko kuu la Bujumbura, lile lililoungua Jumapili tarehe 27 Januari 2013. Alisimama akaangalia meza za Owino moja moja, akauliza: "Na hawa walitoa wapi mtaji wa pili?" Hakuuliza kwa masikitiko. Aliuliza kama mfanyabiashara anayetaka kujua. Akamwuliza muuza mikanda mwenyewe, na sisi tukatafsiri: jamaa alikopeshwa na chama chao, watu wanaochangishana kila wiki. Mzee akasema sisi pia tulikuwa na hicho, na mazungumzo yakachukua nusu saa nzima.

"JJAJJA, UNATAFUTA NINI?"

Kitu cha kwanza wazee wanachokiona Owino ni namna wanavyoitwa. Waganda wanamwita mzee "jjajja", yaani babu au bibi, ni neno moja kwa wote wawili. Ni kama koko kwa wanaosema Kilingala. Huku kambini mzee amezoea kuitwa namba ya familia, au "kesi". Pale kila meza anayopita anaitwa: "Jjajja, njoo uone! Jjajja, unatafuta nini?"

Tunajua, muuzaji anataka pesa. Wazee nao wanajua, si watoto. Lakini angalieni kinachotokea baada ya swali hilo. Mzee lazima ajibu. Lazima ajue anataka nini, apime, akatae, aseme bei yake. Mama mmoja wa Uvira, yule yule wa gunia, alisimamishwa na muuza samaki wakavu wadogo, wanaoitwa mukene. Akaokota mmoja, akanusa, akavunja kichwa. "Hawa si ndagala," alisema. "Ndagala wa Tanganyika ni mwingine." Muuzaji, mama mtu mzima kama yeye, hakuelewa Kiswahili lakini alielewa uso. Akatoa gunia la chini lenye samaki waliokauka vizuri zaidi. Mama akaonyesha vidole, yule akaonyesha vidole, wakavutana hapo kwa vidole mpaka wakakubaliana. Sisi tulikuwa tumesimama tu, hatukuwa na kazi. Hatukuwahi kumwona mama huyo akicheka namna ile.

Hapo tulielewa jambo. Wengi wetu tunadhani mzee aliyechoka anahitaji kuburudishwa, aone magari na maghorofa. Magari hayamsaidii sana. Kinachomsaidia ni kuulizwa swali ambalo yeye ndiye mwenye jibu.

BABA NA VITENGE

Mfano mwingine. Baba mmoja wa Bukavu aliuza vitenge Kadutu miaka mingi kabla ya kukimbia. Huku hana kazi nyingine ila kukaa mlangoni. Mjini tulipita kwa binti Mkongomani anayeuza vitenge. Kampala wako wengi, wakimbizi wenzetu, wengine wanatembeza vitenge mkononi nyumba kwa nyumba. Baba alisimama, akashika pindo la kitambaa kimoja, akakigeuza.

"Hii unaiuza kama wax?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, hii si wax. Angalia nyuma."

Akatufundisha wote. Wax ya kweli inapakwa nta au utomvu kabla ya kuchovywa rangi, na rangi inaingia pande zote mbili, kwa hiyo mbele na nyuma ni karibu sawa. Ile inayoitwa fancy imepigwa chapa upande mmoja tu, nyuma rangi imefifia. Wax ya Kiholanzi, ya kampuni ya Vlisco iliyoanza 1846, ina jina lake limeandikwa pembeni mwa kitambaa, lakini baba alisema usiamini maandishi, amini nyuma ya kitambaa. Binti alikuwa amenunua furushi zima kwa bei ya wax. Alinyamaza. Halafu akaleta kiti, akamwomba baba akae na kumchagulia yale mengine, lipi ni lipi.

Alikaa saa moja na nusu. Vitambaa vingine alivijua kwa majina, kwa maana kule kwetu kila mchoro una jina lake. Kuna ule wa ndege anayetoka katika kizimba kilicho wazi, na katika nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa wanawake waliupa jina lenye maana ya "Ukitoka, na mimi natoka", onyo kwa mume anayetembea usiku. Binti hakujua. Alikuwa anauza mchoro huo kama "ya ndege". Baba akamwambia: "Mteja hanunui ndege, ananunua maneno. Mwambie maneno, atatoa pesa." Wateja wawili waliokuwa wanapita walisimama wakicheka, mmoja akanunua yadi 6.

Njiani kurudi baba alituambia magoti yanamuuma sana. Yalikuwa yanamuuma kweli, siku nzima kwa miguu. Lakini hakusema amechoka na dunia. Alisema amechoka. Hayo ni maneno mawili tofauti, na sisi tunaokaa na wazee tujifunze kuyatofautisha.

SI WOTE

Lazima tuseme ukweli wote. Kuna mama tulimsindikiza ambaye soko lilimuumiza. Aliona meza ya mafuta ya mawese, chupa zimepangwa vile vile alivyokuwa akizipanga yeye na dada yake ambaye hayuko tena. Aliomba tutoke. Hakutaka kurudi tena, na tulimheshimu. Soko la mji linaweza kumrudishia mtu alichopoteza kabla hajawa tayari kukiona. Kwa hiyo usimlazimishe mzee. Mwulize, na akisema hapana, iwe hapana.

Pia kuna uchovu ambao si wa kutembeza sokoni. Mzee akikataa chakula siku nyingi, halali kabisa, analia peke yake, haogi, au anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Mwone mhudumu wa afya wa kijiji chenu au mpeleke kituo cha afya mapema. Msiseme "ni umri".

MNAOTAKA KUJARIBU

Wengi watasema: mwalimu, nauli ya Kampala tutaitoa wapi, na tangu 2023 msaada wa chakula unatolewa kwa makundi, si wote wanapata sawa? Ni kweli. Hatusemi muuze mahindi ili babu aende Owino. Soko liko hata hapa hapa. Siku ya soko, Base Camp, Juru au Rubondo, kuna Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, na wenyeji wa Isingiro na ndizi zao. Mambo tuliyojifunza mjini yanafaa na hapa:

1. Mpe mzee pesa mkononi, hata kama ni shilingi 2,000. Achague yeye, avutane bei yeye. Ukilipa wewe na kubeba wewe, umemtembeza tu.

2. Tembea kwa mwendo wake. Kijana anayemvuta mzee mkono katikati ya watu anamwambia kwamba anachelewesha dunia.

3. Tafuta mapema mahali pa kukaa, maji ya kunywa na choo. Mjini vyoo vingi unalipia, weka sarafu tayari. Wazee wengi wanakataa safari kwa sababu ya choo na wanaona haya kusema.

4. Kampala, epuka njia ya Kikuubo saa za mchana. Ni nyembamba, ya bidhaa za jumla, na wabeba mizigo wanapita kwa kasi. Nendeni asubuhi.

5. Kadi ya mkimbizi na pesa kubwa vikae mfuko wa ndani. Andika namba ya simu ya nyumbani kwenye karatasi, iwe mfukoni mwake. Mkipotezana, kubalianeni tangu mwanzo mtakutana wapi.

6. Mkirudi nyumbani, msimwulize kwanza "Umeleta nini?" Mwulizeni "Umeona nini?" Kisha mnyamaze, mumsikilize.

Hilo la sita ni la bure, na kwa maoni yetu ndilo kubwa. Mtu aliyetoka safari ana haki ya kusimulia. Tumeona wajukuu wanaochukua sukari mfukoni na kurudi kwenye simu, na mzee amebaki na Kampala nzima mdomoni.

DARASANI

Tangu safari hizo tumebadilisha kidogo somo la hesabu la watu wazima. Hatuanzi tena na maembe ya kitabuni. Tunamwomba mzee mmoja atutajie soko lake la zamani: alinunua kwa bei gani, aliuza kwa bei gani, gari lilichukua ngapi, faida ikabaki ngapi. Yeye anasema, sisi tunaandika ubaoni, darasa linakokotoa. Kadutu, Uvira, Bujumbura, Kimironko, yote yameandikwa kwenye ubao wetu. Wale watatu walioacha shule, wawili wamerudi. Wa tatu bado, tunaendelea kumpitia.

Kumbukeni kwamba tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Tusiifanye siku ya hotuba tu, wazee wamekaa juani wakisubiri sabuni.

KAZI YA FAMILIA YA MWEZI HUU

Watoto wa shule, hii ni yenu. Chukua daftari, kaa na babu, bibi, au mzee yeyote jirani ambaye hana mjukuu. Mwulize maswali matano: Soko la kwenu liliitwaje? Lilikuwa siku gani ya wiki? Wewe ulinunua au uliuza nini? Nani alikuwa mshindani wako? Ni kitu gani pale ulikijua kuliko watu wote? Andika majibu kwa lugha yoyote, uyalete darasani. Mengine tutayachapisha humu, tukiruhusiwa na mzee mwenyewe.

Na wewe mzee unayesomewa gazeti hili na mtoto: jibu swali la tano vizuri. Usiseme "mimi sikujua kitu". Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na wewe hukutembea bure.



Walimu wa kujitolea, darasa la watu wazima